Mafuta Niliyompaka Bibi Harusi

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita niliwaacha pale ambapo Iriza ameolewa, ngoma zimelia, na mimi Drocella nimerudi saluni kwangu Kamembe nikijisifu kama kuku aliyetaga. Kama gazeti lilikupita, nikukumbushe dhambi yangu kwa kifupi.

Iriza alinijia miezi mitatu kabla ya harusi, uso umejaa chunusi, zile ambazo kwetu tunaziita ibishishi, kuanzia kwenye kipaji mpaka kidevuni. Alikuwa analia. Nikampa kopo la melanji, mafuta ninayochanganya kwa mikono yangu: losheni ya watoto, mafuta ya karoti, na tubu mbili nyeupe za krimu ya dawa zinazovuka mto kutoka Bukavu zikiwa zimefichwa ndani ya unga wa muhogo. Kwa siku kumi uso ukawa laini kama yai lililomenywa. Usione vyaelea, vimeundwa, na fundi wake nilikuwa mimi.

Melanji imekatazwa. Nilijua, na kila anayeichanganya anajua.

Lakini kuna jambo sikulisema wiki iliyopita kwa sababu niliona haya. Mimi mwenyewe najipaka kopo hilohilo, mwaka wa tisa sasa. Niliwahi kujaribu kuacha. Siku ya nne niliamka nikamkuta kwenye kioo msichana niliyedhani nimemwacha Bukavu, yule wa ibishishi ambaye wenzake darasani walikuwa hawataki kukaa naye benchi moja. Nikajipaka tena kabla hata sijanywa chai. Tangu siku hiyo najua kwamba uso wangu wa kweli upo chini ya huu, na kwamba unanisubiri.

Basi nilijua, na bado nikampa mtoto wa watu. Leo ninapoandika haya nimevigeuza vioo vyote vya saluni vikatazama ukuta, na wateja wanadhani nimefiwa.

Sasa tuendelee.

Siku ya nane baada ya harusi, asubuhi, nilikuwa nasuka nywele za mteja, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu. Alikuwa Iriza, ananong'ona.

"Tantine Drocella, kuya. Kuya mbele ya ba Papa bafike. Sura yangu imekufa."

Niliusikiliza mara tatu: niende kabla baba yake na ndugu hawajafika. Mteja akaniuliza kama nimepata msiba. Nikamjibu, bado.

Siku hiyo ilikuwa ya gutwikurura. Bibi harusi anakaa ndani amefunikwa, haonekani kwa watu, mpaka ndugu zake waje na vikapu vya vyakula, ndipo anafunuliwa mbele ya koo mbili. Siku hizi wengi wanamaliza yote jioni ileile ya harusi ili wawahi kurudisha viti vya kukodi. Lakini mama mkwe wa Iriza ni mtu wa zamani, alizitaka siku zake nane.

Na mama mkwe huyo ni Patricie. Hapo ndipo penye mwiba.

Nilipovuka kutoka Congo wakati wa vita nilikuwa msichana bila baba wala mama, na kifurushi kimoja cha nguo. Patricie alinikuta nimekaa kando ya barabara Bugarama. Hakuniuliza ukoo wangu. Aliniuliza kama nimekula. Nilikaa kwake miaka sita, nikambeba mgongoni mwanawe Valens, na huyo Valens ndiye aliyemwoa Iriza.

Nikamwacha mteja na kichwa nusu, nikaenda Gikundamvura, nyumbani kwa Patricie.

Patricie nilimkuta uani anamenya ndizi. Alikuwa amekwisha vaa mushanana wake wa sherehe, ameupandisha begani usichafuke.

"Drocella, umefika. Pita, mwanangu. Uyu mutoto anakatala kula siku tatu. Anajifunika mupaka kichwa. Nilizani ni haya ya bibi arusi, lakini sasa niko naogopa."

"Uliona sura yake, Maman?"

"Nitaiona je? Siye njo tulimufunika. Namupatia maziwa kwa mukono, anaipokea chini ya kitenge. Ata Valens anamukataza kuwasha taa."

Nikaingia chumbani, nikarudisha mlango. Iriza alikuwa amekaa juu ya godoro. Akashusha kitenge.

Sitaeleza sana. Mashavu yalikuwa yamevimba, mekundu, vichwa vyeupe vya usaha vimebanana mpaka chini ya taya, na ngozi kati yake inang'aa kama iliyoungua. Ulikuwa uso wangu wa ile siku ya nne.

"Kwa nini uliacha kujipaka?"

"Kopo nililiacha kwetu."

"Kwa nini?"

"Ningeliweka wapi? Ba tante ya Valens balifungua ibirongoranywa yote, kitu moja moja, mbele ya bantu. Bangesema nini bakiona kopo haina jina?"

Ndugu msomaji, hilo sikuwa nimelifikiria. Bibi harusi wa kwetu anakwenda kwa mumewe na vitu vyake, mashuka, mabeseni, masufuria, na wanawake wa upande wa mume wanavikagua kimoja kimoja. Kila kitu kiwe kipya. Kopo lililotumika nusu, halina jina, linanuka tubu, lingepita wapi? Mtoto alifanya kama alivyolelewa. Aliliacha kwao, akaingia kwa mumewe na uso usio na kitu cha kuushikilia.

Nilikuwa nimemweleza ajipake kiasi gani na saa ngapi. Kwamba kopo lile haliachiki, sikumweleza. Nani angelichukua?

"Tantine, bako nakuya. Papa iko mu njia. Nifanye nini?"

Nikafungua mkoba, nikatoa kopo langu mwenyewe.

"Leta sura. Wekundu utapunguka kidogo, halafu nitapaka poda juu. Leo tupite tu."

Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. "Tena ile?"

"Unataka wakuone hivyo?"

Mlango ukafunguliwa. Nililisukuma kopo chini ya godoro kwa haraka ya mwizi. Patricie alikuwa ameshika kikombe cha maziwa. Macho yake yalipita kwenye mkono wangu, yakapita kwa Iriza aliyekuwa amekwisha jifunika, yakaenda kwenye kikombe.

"Bageni bamefika," alisema.

Baba yake Iriza ni Védaste, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji, mtu wa sauti nzito na maneno machache. Alikuja na ndugu zake, wanawake wakiwa na vikapu kichwani. Dada yake, Umurerwa, ndiye aliyetakiwa kuingia kumwandaa bibi harusi. Aliingia anaimba. Wimbo ukakatika katikati.

Hakupiga kelele. Alitoka taratibu, akamvuta kaka yake kando, wakasemezana. Kisha Védaste akaja mpaka katikati ya ua, mbele ya Patricie.

"Mama Valens, mutoto wangu alikula nini hapa?"

Kwetu swali hilo si la chakula. Ukiuliza mgonjwa alikula nini kwa fulani, kila mtu ameshaelewa unachomwita huyo fulani.

"Alikula ile tulikula siye bote," Patricie alijibu. "Ndizi, samaki ya sambaza, maziwa."

"Nani alimupatia?"

"Miye. Kwa mukono yangu."

Wanawake waliokuwa wanashusha vikapu wakasita. Mmoja aliyekwisha weka chake chini akakirudisha kichwani.

Mwanamke akishaitwa mrozi, mwenye kulisha watu sumu, amekwisha. Hakuna atakayekunywa kwake tena. Watoto wataambiwa wapite njia nyingine. Atazeeka na mtungi wake uliojaa, hana wa kumwonjesha. Na huyu alikuwa Patricie, ambaye nyumba yake haikuwahi kukosa mgeni mwenye njaa.

Nilikuwa na maneno matano mdomoni. Ni mafuta yangu, si sumu. Nikiyasema, Patricie amepona. Nikiyasema, saluni imefungwa, binti zangu wawili wametoka shuleni, na mimi sina tena pa kupata tubu, na yule msichana wa Bukavu anapanda juu kutoka alikojificha.

Nikayameza. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini siku ile niliona kuumbuka kukiwa karibu kuliko kifo.

Valens alikuwa amekimbilia kituo cha afya kumwita Théoneste, muuguzi. Wakati tunamsubiri, Umurerwa alirudi chumbani. Nilisikia godoro linainuliwa. Najua mlio wa magodoro ya nyasi ya nyumba ile, nimeyalalia miaka sita.

Akatoka na kopo, amelishika kwa pindo la kitenge asiliguse. Akaliweka kwenye mkeka katikati ya ua.

"Muiangalie. Ilikuwa chini ya godoro ya mutoto."

Kina mama wakarudi nyuma hatua moja. Védaste akaliangalia kopo, akamwangalia Patricie, na nikaona kwamba shaka yote aliyokuwa nayo imemtoka. Mimi niliyekuja kuficha, ndiye niliyemletea Patricie ushahidi mpaka chumbani kwake.

Théoneste alifika na mkoba wake. Ni kijana mpole, anaongea kama mtu aliyezoea kurudia. Akaingia kwa Iriza pamoja na Umurerwa, wakakaa. Alipotoka aliinama, akafungua kopo, akanusa, akasugua kidogo kati ya vidole.

"Mzee Védaste, uyu mutoto hakulogwa. Hii ni ibishishi."

"Ibishishi? Mutoto wangu alipona ibishishi. Bantu bote balimuona siku ya arusi."

"Hakupona. Ilifichwa." Akachuchumaa. "Ngozi yetu iko na matundu kidogo kidogo, kila tundu inatoa mafuta. Kwa bijana mafuta inazidi, tundu inaziba, ngozi inavimba, na microbe inajiingiza pale. Aiko uchafu, aiko laana, aiko jicho ya muntu. Sasa, hii kopo iko na kortizoni ya nguvu. Siye tunaipatiaka muntu wa ekzema, siku chache, na tunamufuata. Ukiipaka kwa sura miezi, wekundu inakimbia, unasema nimepona. Siku unaiacha gafula, yote inarudia na inaleta ingine."

Nilisikia ndizi zinatokota jikoni, hakuna aliyekuwa anaziangalia.

"Na itapona?"

Aliyeuliza hakuwa baba. Alikuwa Patricie, huyohuyo aliyekuwa anashtakiwa.

"Itapona, Maman, polepole. Lakini asiguse tena iyi kopo. Kunawa mara mbili kwa siku na sabuni ya mupole, asisugue, asiminye, asiweke ndimu. Jua asilifuate. Nitamutuma kwa muganga wa ngozi, atamupatia dawa ya kweli ya ibishishi, na ile dawa inaomba wiki nane, ata miezi tatu. Mwezi ya kwanza itakuwa mubaya. Asikate tamaa."

Wiki nane. Mimi nilikuwa nauza siku kumi, ndiyo maana saluni yangu ilikuwa haikauki watu.

Théoneste akafunga kopo. "Sasa, hii ni ya nani? Iko kitu ya kukatazwa. Mwenyewe anapashwa kwenda kuielezea ku biro ya serikali, ku secteur, juu kuko mabinti bengine beko nayo kwa sura mu saa hii. Tunapashwa kubajua."

Nikawaona. Nawajua mmoja mmoja, majina na mashavu. Nikaangalia chini.

"Ni yangu," Patricie alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Yako?" Védaste aliuliza.

"Nilitaka mukamwana wangu atoke muzuri siku ya leo. Nilikosa. Munisamehe."

Valens akamsogelea. "Maman, wewe ata mafuta ya kupaka miguu hauna."

"Nyamaza, Valens."

Védaste akamtazama. Nadhani alikuwa anatafuta hasira yake ya mwanzo, ile ya sumu, na akaikosa, akabaki na hii ndogo isiyotosha mkononi. Akaitumia hivyohivyo.

"Mutoto wangu anarudi kwetu leo. Hawezi kukaa kwa mama kama wewe. Na wewe utaenda kuielezea kule banakuambia."

"Nitaenda na miguu yangu," alisema Patricie.

Akavua mushanana wa begani, akaukunja vizuri pembe kwa pembe, akaja kuuweka ndani. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliponifikia alipunguza mwendo, na sauti yake ilikuwa ileile ya kuniuliza kama nimekula.

"Nilikuona mukono, Drocella. Uko na batoto babili ya kusomesha. Miye nimezeeka, batanifanya nini? Lakini acha iyi kazi."

Akapita. Akatoka na Théoneste, Valens nyuma yao, wakashika barabara ya kuteremka.

Nimeahidi kusema kweli kwenye safu hii, basi niseme. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na chini ya aibu hiyo kulikuwa na kitu kibaya kuliko yenyewe. Kulikuwa na nafuu. Nilivuta pumzi kama mtu aliyeshushiwa mzigo, na mzigo wangu ulikuwa unateremka barabarani juu ya mabega ya mwanamke wa miaka sabini.

Ndipo Iriza akatoka nje.

Alitoka bila kitenge. Hakuna aliyemfunua, alijifunua mwenyewe. Akasimama kwenye mwanga, uso wote wazi, mbele ya ukoo wake na majirani waliokuja kula. Mwanamke mmoja alifunika mdomo kwa kiganja. Umurerwa akamkimbilia na kitambaa, Iriza akausukuma mkono wake.

Alikuwa ananitazama mimi.

"Tantine," alisema. "Sema."

Kila mtu akageuka. Nilikuwa na yale maneno matano, yalikuwa bado pale, na sasa hata sikuhitaji ushujaa wa kuanza, nilikuwa nimeshaanzishiwa. Nikafungua mdomo. Kilichotoka hiki hapa.

"Funika sura, mutoto wangu. Muganga alisema jua ni mubaya."

Nilikisema kwa upole. Hata mkono niliunyosha kama shangazi mwema.

Iriza hakufunika. Aliniangalia kidogo, na nikaona uso ule uliovimba unaniacha, unaondoka kwangu, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba asiyokusudia kurudi. Akaingiza mkono kwenye pindo la kitenge kiunoni, akatoa simu. Kidole chake kikapanda kwenye jumbe zetu, kikapanda, kikivuka harusi, kikivuka matayarisho, kikirudi miezi.

Yote niliyomfundisha kuhusu kopo lile nilimfundisha kwa ujumbe wa sauti. Mikono yangu huwa na mafuta, siwezi kuandika.

Akabonyeza mmoja, akaiinua simu juu ya kichwa chake.

Uani pale, mbele ya Védaste na dada yake na vikapu vyote, mimi nikaanza kuongea na huku mdomo wangu umefungwa. Nilikuwa na furaha kwenye sauti ile. Nilikuwa nacheka.

"Iriza wangu, unapaka kidogo tu, kama mbegu ya harage, asubui na mangaribi. Na muntu asijue njo miye nakutengenezea."

Kule chini barabarani, Patricie, ambaye hakuwa bado amefika mbali, akasimama.